Mafuta ya alizeti, unga wa lishe na bakuli la mtoto anayelikizwa: tathmini ya duka moja la Dodoma mjini

Kwa muda wa miezi mitatu, tangu binti yangu alipotimiza miezi sita na kuanza kulikizwa chakula, nimekuwa mteja wa duka dogo la vyakula vya watoto lililo jirani na soko la Majengo hapa Dodoma. Nilivyonunua huko ni vitu vitatu: mafuta ya alizeti yanayokamuliwa na mwenye duka mwenyewe, unga wa lishe anaouita wa nafaka saba, na siagi ya karanga ya kopo. Cha nne, ambacho ni pakiti ndogo ya kimea cha ulezi, nilipewa kama nyongeza, nami nitakieleza mahali pake. Jina la duka sitalitaja, kwa sababu kasoro nilizoziona nimekwisha kuzizungumza na mwenyewe ana kwa ana, na kwa sababu maduka ya namna hii ni mengi mjini, hivyo ninayoyaandika yanaweza kumfaa mzazi aliyesimama mbele ya rafu ya duka lolote kati ya hayo.

Nianze na mafuta, kwa kuwa ndiyo yaliyonipeleka dukani. Kanda ya Kati ni nchi ya alizeti, na anayesafiri kutoka Dodoma kwenda Singida baada ya mvua huyaona mashamba ya manjano pande zote mbili za barabara, kisha miezi michache baadaye huzikuta chupa zimepangwa juu ya meza mbele ya mashine za kukamulia. Chupa ya lita moja nililipa shilingi 6,000. Mafuta yenyewe hayajasafishwa kwa njia za kiwanda kikubwa. Yamekamuliwa, yakaachwa yatuame, yakachujwa kwa kitambaa. Yana rangi ya dhahabu iliyokolea na harufu ya mbegu iliyokaangwa kidogo. Katika uji hayana ukali wowote, na binti yangu, ambaye kwa wiki nzima alikuwa akitema kila kilichowekwa ulimini mwake, aliumeza uji wenye kijiko cha mafuta hayo siku ya kwanza bila kukunja uso.

Tatizo liko kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Imeandikwa kwamba hayo ni mafuta ya vitamini kwa afya ya mtoto, na chini yake zimepangwa herufi nne: A, D, E na K. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi, kama ambavyo mzazi yeyote angefurahi, na nilikaribia kuamini kwamba chupa moja imenimalizia kazi yote. Nilipoketi na kadi ya kliniki na maelezo niliyopewa na afisa lishe, furaha ile ilipungua, kwani kati ya vitamini hizo nne ni moja tu ambayo mafuta ya alizeti yanayo kwa wingi.

Hiyo moja ni vitamini E. Gramu 100 za mafuta ya alizeti huwa na takribani miligramu 40 za vitamini E, kwa hiyo kijiko kimoja cha chai, ambacho hubeba mafuta ya gramu nne na nusu hivi, humpa mtoto karibu miligramu 2. Mtoto wa kati ya miezi saba na kumi na miwili hukadiriwa kuhitaji takribani miligramu 5 kwa siku. Kwa kijiko kimoja, hilo ni jambo kubwa, na kama karatasi ingesema hivyo tu, ningemsifu aliyeiandika. Vitamini K imo kwa kiasi kidogo mno. Vitamini A na D hazimo kabisa, isipokuwa kama zimeongezwa makusudi wakati wa kutengeneza mafuta.

Nilirudi dukani kuuliza. Mwenye duka ni mama wa makamo ya mama yangu, mpole, anayewajua wateja wake kwa majina ya watoto wao.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Mjukuu wangu hajambo?”

“Hajambo, anakula. Nimekuja kuuliza kuhusu haya maandishi. Vitamini A mnaiongezea hatua gani, kabla ya kuchuja au baada?”

“Hatuongezi kitu, mwanangu. Alizeti yenyewe ndiyo vitamini. Ndivyo tulivyoelezwa.”

Sikuona udanganyifu katika jibu lake. Naamini kuwa mahali fulani, huenda katika mafunzo ya ujasiriamali, mtu alimweleza jambo la kweli ambalo njiani lilibadilika umbo. Jambo la kweli ni kwamba vitamini A, D, E na K huyeyuka katika mafuta na mwili huzipokea vizuri pale ambapo mlo una mafuta. Lililofika kwenye karatasi ni kwamba mafuta yenyewe ndizo vitamini hizo. Tofauti ya maneno ni ndogo, lakini katika bakuli la mtoto ni kubwa, kwa sababu mzazi anayeamini karatasi ataweka mafuta kwenye uji mweupe wa sembe, ataacha mchicha na yai, na atajiona ametimiza wajibu. Mtoto huyo atapata nguvu na vitamini E, lakini vitamini A itategemea maziwa ya mama na matone ya kliniki peke yake.

Ni vema nieleze hapa suala la mafuta yaliyoongezewa vitamini A, kwa sababu yapo. Kanuni za urutubishaji wa vyakula za mwaka 2011 ziliagiza vitamini A iongezwe kwenye mafuta ya kula, kama ambavyo virutubishi vingine huongezwa kwenye unga wa ngano na wa mahindi, na viwanda vikubwa ndivyo vyenye mitambo ya kufanya hivyo kwa vipimo sahihi. Wakamuaji wadogo wengi hawaongezi. Si kwamba haiwezekani: mradi wa MASAVA, ulioendeshwa katika mikoa ya Manyara na Shinyanga, uliwahusisha wakamuaji wadogo na wa kati katika kuongeza vitamini A kwenye mafuta ya alizeti. Kwa hiyo mzazi anayetaka mafuta yenye vitamini A aitafute nembo ya urutubishaji kwenye chupa iliyofungwa kiwandani, badala ya kutegemea herufi zilizochapwa kwenye duka la steshenari na kubandikwa kwa gundi. Na hata aipatapo chupa hiyo, akumbuke kwamba vitamini A huharibiwa na mwanga, na kwamba mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi au maandazi mara kadhaa hayafai kuingia kwenye chakula cha mtoto kwa hesabu yoyote ile.

Baada ya kusema hayo, nataka nitetee mafuta haya, kwani naendelea kuyanunua.

Maziwa ya mama hutoa karibu nusu ya nguvu yake kutokana na mafuta. Mtoto aliyenyonya maziwa peke yake kwa miezi sita amezoea mlo mnono, kisha siku moja tunamgeuzia uji mwepesi ambao karibu wote ni maji na wanga. Nilipima uji wangu wa awali kwa mizani ya jikoni: gramu 20 za unga katika kikombe cha mililita 200. Kikombe kizima kilikuwa na kilokalori 70 hivi. Tumbo la mtoto hupokea takribani gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake, na binti yangu alikuwa na kilo saba, maana yake kikombe kile kilimjaza kabisa huku kikimpa kidogo sana. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta huongeza kilokalori 40 bila kuongeza ujazo unaoonekana. Mtoto anayenyonya vizuri, akiwa na miezi sita hadi minane, anahitaji takribani kilokalori 200 kwa siku kutoka kwenye vyakula vya nyongeza, na kuanzia miezi tisa hadi kumi na mmoja anahitaji 300, hivyo mtu anaweza kuona mwenyewe uzito wa kijiko hicho katika hesabu ya siku.

Hata hivyo sipendi ushauri unaosikika mara nyingi kwamba uji “ushibe mafuta”. Mafuta hayana madini ya chuma, hayana zinki wala protini, na mtoto aliyeshibishwa kwa mafuta hukosa nafasi ya kula vile venye madini hayo. Katika miezi ya mwanzo ya kulikizwa, ikiwa mama anakula vizuri na mtoto ananyonya kila anapotaka, mafuta mengi tayari yanatoka kwenye titi, na haja ya kuyaongeza hukua kadiri maziwa yanavyopungua nafasi yake katika mlo. Mimi naweka kijiko kimoja cha chai kwa bakuli, katika milo miwili ya siku, na sijaona sababu ya kuzidisha.

Kazi ya pili ya kijiko hicho, ambayo kwangu mimi ndiyo kubwa kuliko hata nguvu, inahusu mboga. Mchicha, majani ya maboga, matembele, karoti, boga, papai, maembe yaliyoiva na viazi lishe vya rangi ya machungwa vyote vina karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Lakini karotini iliyo ndani ya chakula hufungwa katika chembe za mmea na sehemu kubwa hupita tumboni bila kuchukuliwa. Wataalamu wa lishe hukadiria kwamba mikrogramu 12 za beta-karotini iliyo katika chakula cha kawaida hufanya kazi ya mikrogramu 1 ya vitamini A, ilhali beta-karotini iliyoyeyushwa katika mafuta huhitajika mikrogramu 2 tu kwa kazi hiyo hiyo. Kupika mboga hadi ilainike, kuiponda na kuichanganya na mafuta hakuifikishi kwenye kiwango hicho cha pili, lakini huisogeza mbele, na gramu tatu hadi tano za mafuta katika mlo hutosha kusaidia kazi hiyo. Kijiko cha chai kina gramu nne na nusu. Nilipofanya hesabu hiyo ndipo nilipoona kwamba mafuta ya duka hili yana thamani kubwa kuliko ile iliyoandikwa kwenye karatasi yake, ila thamani hiyo haitokei mpaka mboga iwepo.

Mama mkwe wangu, ambaye ni mwenyeji wa Mpwapwa, hakushangazwa na lolote kati ya haya. Alinikumbusha kwamba mlenda wa nyumbani kwao haukupikwa mtupu; uliungwa kwa karanga zilizotwangwa, na mtoto alipewa ugali laini wa uwele uliochovywa humo. Katika chakula hicho majani yamekwisha kuiva na kulainika, na mafuta yapo ndani ya karanga. Tangu hapo nimefuata mkondo huo: napika boga au viazi lishe, naponda na majani ya maboga yaliyoiva vizuri, kisha naweka mafuta ya alizeti mwishoni nikiwa nimekwisha kuepua sufuria. Mafuta haya hayapati moto mkali jikoni mwangu hata siku moja.

Kwa upande wa yai, kijiko hakihitajiki, kwa kuwa kiini kina mafuta yake pamoja na vitamini A iliyo tayari kutumika. Maini nayo ni hazina kubwa ya vitamini A, kiasi kwamba kipande kidogo mara moja kwa wiki kinatosha, na kuzidisha si busara kwa sababu vitamini hii hubaki mwilini. Vitamini D sitegemei chupa yoyote kuileta. Jua la Dodoma lipo asubuhi kila siku, nami natoka naye nje akiwa na nguo nyepesi. Na matone ya vitamini A yanayotolewa mwezi Juni na Desemba, ambayo mtoto wa miezi sita hadi kumi na mmoja hupewa kipimo cha yuniti 100,000, hayana mbadala dukani. Nasema hili kwa mkazo kwa sababu nilimsikia mteja mwenzangu akisema pale pale kaunta kwamba mwanawe hahitaji matone kwa kuwa anatumia mafuta haya. Mwenye duka hakumsahihisha. Nilimweleza yule dada mimi mwenyewe, naye alinisikiliza.

Upungufu mwingine wa mafuta ya alizeti, ambao duka haliwezi kulaumiwa kwa ajili yake, ni kwamba yana mafuta ya jamii ya omega 6 kwa wingi na yale ya omega 3 kwa kiasi kidogo sana. Ubongo wa mtoto unahitaji zote mbili. Kwa sisi tulio mbali na bahari njia rahisi ni samaki wa bwawa la Mtera au dagaa wa ziwani, waliotolewa vichwa, wakaoshwa mchanga, wakakaushwa na kusagwa laini. Kijiko cha unga huo wa dagaa katika boga lenye mafuta huleta pia chuma na zinki, vitu ambavyo mafuta ya alizeti hayana.

Nina lalamiko moja la uhifadhi. Chupa ni angavu, na kwa muda wote wa mwezi wa kwanza zilipangwa mbele ya duka, mahali ambapo jua la mchana huzipiga moja kwa moja. Mafuta yenye omega 6 nyingi huchacha upesi yakikutana na mwanga, joto na hewa, na vitamini E iliyomo hutumika katika kuyakinga, kwa hiyo mnunuzi wa chupa iliyokaa juani wiki tatu huenda akapata pungufu ya kile alicholipia. Chupa yangu ya pili ilikuwa na harufu ya mbao mbichi na ladha chungu kidogo kooni. Niliirudisha, na nikapewa nyingine bila mabishano.

Unga wa lishe wa nafaka saba siupendekezi. Ndani yake mna mahindi, mtama, ulezi, mchele, ngano, soya na karanga, na mtu ataona mara moja kwamba mbili za mwisho si nafaka. Vyote vimesagwa pamoja. Mtoto anayelikizwa hupewa chakula kimoja kimoja ili mzazi atambue kinachomdhuru, nami nilipoona vipele shingoni mwa binti yangu siku ya tatu sikuwa na njia ya kujua kati ya vitu saba ni kipi kilichovileta. Soya isiyokaangwa au kuchemshwa ipasavyo kabla ya kusagwa huzuia usagaji wa protini tumboni. Karanga zikisagwa na nafaka, mafuta yake huchacha ndani ya pakiti na unga wote huharibika. Pakiti haikuwa na tarehe ya kusagwa.

Liko pia jambo zito zaidi, ambalo mtu wa Kanda ya Kati hawezi kulipita kimya. Mwaka 2016 watu 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, na chanzo kikubwa kilikuwa mahindi yaliyoota kuvu. Sumu hiyo haionekani kwenye unga uliokwisha kusagwa na haiondolewi na moto wa kupikia uji. Njia ya mzazi ni kuchambua: punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au kuota ukungu hutupwa kabla ya kwenda mashineni, na mazao hukaushwa vizuri na kuhifadhiwa pakavu. Anayenunua unga wa mchanganyiko amemwachia mtu mwingine kazi hiyo, naye hana namna ya kuhakikisha kama ilifanyika. Kwa sababu hiyo sasa nanunua ulezi, naupembua na kuuosha mwenyewe, naukausha na kuusaga peke yake, na vitu vingine vyote huingia sufuriani siku ya kupika.

Siagi ya karanga ina ladha nzuri na haina sukari, na kwa mtoto ni salama kuliko karanga nzima ambazo zinaweza kumpalia. Lakini nilipouliza karanga zimechambuliwa na nani sikupata jibu la kuridhisha, na karanga ni miongoni mwa mazao yanayoshikwa na sumukuvu kwa urahisi. Niliacha kuinunua. Nachambua karanga zangu punje kwa punje, nazikaanga, nazitwanga, na kazi hiyo huchukua nusu saa ya Jumamosi.

Kitu bora kuliko vyote katika duka hili hakijabandikwa sifa yoyote. Kimea cha ulezi nilichopewa kama nyongeza kiligeuza mapishi yangu. Ulezi ulioloweshwa, ukachipua, ukakaushwa na kusagwa una uwezo wa kuulainisha uji mzito: napika uji mzito kiasi cha kijiko kusimama, nauacha upoe kidogo, nachanganya kijiko kimoja cha kimea, na ndani ya dakika chache unakuwa laini wa kumezeka, kisha naurudisha motoni uchemke tena kidogo. Mtoto anakula unga mwingi zaidi katika tumbo lile lile dogo, na haja ya kutafuta nguvu zote kwenye mafuta inapungua. Nilimwambia mama yule akiweke mbele na akitoze bei yake.

Huduma yake kwa jumla ni ya kuheshimika. Hupima kwa haki, hurudisha chenji bila kusukumwa, na husikiliza. Nilipofika wiki iliyopita chupa zilikuwa zimeingizwa ndani, zimefunikwa kwa gunia jeusi, na mashudu yaliyokuwa yakirundikwa mlangoni yameondolewa. Karatasi zenye herufi nne bado zipo, kwa kuwa alichapisha nyingi, lakini amekubali kwamba zikiisha ataandika vitamini E peke yake na maneno “weka kwenye mboga ya mtoto”. Kwa sasa nanunua nusu lita badala ya lita, namletea chupa yangu ya kahawia, naye anaandika tarehe ya kukamua kwa kalamu kwenye kipande cha utepe kabla hajanikabidhi.